George Streisinger: Alinunua samaki dukani, akafungua njia ya siri ya jicho

MWISHONI mwa miaka ya 1970, profesa mmoja alikuwa akiingia katika duka la samaki wa mapambo katika mji mdogo wa Albany, jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani. Alinunua samaki wadogo wenye mistari ya buluu na fedha, wa aina ambayo watu hununua ili kuwatazama ndani ya tangi la kioo sebuleni. Uzao wa samaki hao haujakatika. Hadi leo unafugwa katika maabara za nchi nyingi duniani kwa jina la AB, na mtafiti anayetaka kujua jinsi jicho linavyoanza kutengenezwa huenda anaufanyia kazi asubuhi hii.

Mnunuzi huyo alikuwa George Streisinger. Alifariki dunia mwaka 1984, kabla ya kuona mavuno ya mtaji alioutia. Lakini kila kitabu cha historia ya samaki anayeitwa samaki pundamilia kinaanza na jina lake.

Wasomaji wanaovusha dagaa kutoka Mwanza, omena kutoka Kisumu au mukene kutoka upande wa Uganda wana sababu ya pekee ya kumjua mtu huyu. Samaki pundamilia, ambaye asili yake ni mito na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal, na dagaa wa Ziwa Victoria ni jamaa. Wataalamu wa samaki huwaweka katika ukoo mmoja. Dagaa wa Kigoma hayumo. Yeye wa Ziwa Tanganyika ni jamaa wa sardini wa baharini. Kwa hiyo mzigo wa dagaa wa Ziwa Victoria unaopita Sirari, Mutukula au Busia ni wa binamu za samaki aliyewafundisha madaktari mengi kuhusu macho ya binadamu.

Mtoto mkimbizi

Streisinger alizaliwa tarehe 27 Desemba 1927 mjini Budapest, Hungary, katika familia ya Kiyahudi. Mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati Wanazi walipokuwa wakitanda Ulaya, wazazi wake walifunga mizigo na kuvuka bahari hadi New York. Wengi waliobaki hawakunusurika. Kijana alisoma katika shule ya sekondari ya sayansi ya Bronx, akaendelea Chuo Kikuu cha Cornell alikomaliza mwaka 1950, kisha Illinois alikopata shahada ya udaktari mwaka 1953 chini ya Salvador Luria, naye pia mkimbizi kutoka Ulaya.

Luria alikuwa mmoja wa waanzilishi wa somo jipya la wakati huo: kuchunguza jeni kwa kutumia virusi vinavyoshambulia bakteria. Virusi hivyo ni vidogo mno na huzaana kwa dakika, hivyo mtafiti aliweza kupata majibu ya jaribio lake siku hiyohiyo. Streisinger alifanya kazi hiyo California, halafu kwenye maabara ya Cold Spring Harbor karibu na New York, na mwaka 1960 akahamia Chuo Kikuu cha Oregon katika mji wa Eugene. Hapo ndipo alipokaa hadi mwisho wa maisha yake.

Jina lake lilipanda haraka. Mwaka 1966 yeye na wenzake walionyesha kitu muhimu kuhusu jinsi seli inavyosoma jeni. Herufi za jeni husomwa tatutatu. Mfikirie karani wa ghala anayesoma namba za magunia kwa mafungu ya tarakimu tatu: akiruka tarakimu moja tu, mafungu yote yanayofuata yanaharibika hata kama tarakimu zenyewe hazikuguswa. Streisinger alieleza pia jinsi seli inavyoweza kuteleza inaponakili sehemu yenye herufi zinazojirudia, ikazidisha moja au kupunguza moja. Maelezo hayo bado yanafundishwa vyuoni.

Kuacha biashara inayolipa

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, Streisinger alikuwa na heshima, wanafunzi na kazi ambayo ilikuwa ikitoa matokeo kila mwezi. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida hupanua biashara yake ileile. Yeye aliamua kuiacha.

Swali lililomkaa kichwani lilikuwa la aina nyingine. Virusi havina ubongo wala jicho. Alitaka kujua jinsi jeni zinavyomjenga mnyama mwenye uti wa mgongo, yaani mnyama kama sisi: jinsi yai moja linavyogawanyika na kutoa neva, ubongo na jicho linaloona. Panya angefaa, lakini kiinitete chake kimejificha ndani ya tumbo la mama, watoto wake ni wachache na kumlisha ni gharama. Nzi ni rahisi, lakini ujenzi wa jicho lake uko mbali na wetu. Chura huchukua muda mrefu kukua hadi kuzaa.

Samaki pundamilia alikuwa na karibu kila alichohitaji. Akikua ana urefu wa sentimita nne tu, hivyo mamia wanatosha katika chumba kimoja. Jike hutaga mayai mia moja au zaidi kwa mara moja, na anaweza kurudia wiki inayofuata. Hutaga alfajiri mwanga unapoingia, kwa hiyo taa ikipangiwa saa, mtafiti anajua saa ya kuyakuta. Baada ya miezi mitatu hivi, watoto nao wanaweza kuzaa. Mbegu ya dume hukutana na yai nje ya mwili wa jike, ndani ya maji.

Sifa kubwa kuliko zote ni kwamba yai lake na kiinitete chake vinapenyeza mwanga kama kioo. Ukiweka yai chini ya hadubini unamwona mnyama akijengwa mbele yako, bila kumkata wala kumuua. Saa kumi na mbili hivi baada ya mbegu kuingia, vivimbe viwili vinaanza kuchomoza kwenye pande za ubongo unaochipua. Hayo ndiyo macho. Katika saa ya ishirini na nne kila kivimbe kimebonyea kama kikombe, na lenzi imekaa mdomoni mwake. Siku ya pili ukuta wa kikombe unaingia weusi. Siku ya tano mtoto wa samaki, mdogo kuliko punje ya mchele, anafuata chakula chake kwa macho.

Kwa mwanadamu kazi hiyo huchukua wiki nyingi gizani tumboni. Kwa samaki pundamilia inaisha kati ya Jumatatu na Ijumaa, mchana kweupe.

Miaka zaidi ya kumi bila mauzo

Samaki alikuwa rahisi kumpata. Kazi ngumu ilikuwa kupata njia ya kusoma jeni zake. Kila samaki, kama kila mtu, ana nakala mbili za kila jeni, moja ya mama na moja ya baba. Nakala moja ikiharibika, ile nzima mara nyingi inaifunika, na kasoro haionekani. Kuifichua kunahitaji kuzalisha vizazi kadhaa, tangi juu ya tangi, na kuhesabu maelfu ya watoto.

Streisinger alitafuta njia ya mkato. Aliimulika mbegu ya dume kwa miale ya urujuanimno hadi jeni zake zikafa, huku mbegu yenyewe ikibaki na nguvu ya kuliamsha yai. Yai lililoamshwa hivyo lilianza kukua likiwa na jeni za mama peke yake. Watoto wa aina hiyo huishi siku chache tu, lakini siku hizo zinatosha kuona kama jicho limeumbika au la, kwa sababu hakuna nakala ya pili ya kufunika kasoro. Kisha akagundua kwamba yai likipewa mshtuko wa joto kwa muda mfupi, au likibanwa kwa shinikizo kubwa la maji kwa wakati wake, seti ya jeni za mama hujirudufu, na mtoto anaweza kukua hadi utu uzima.

Alijuaje kwamba jeni za baba hazikupenya kwa siri? Jibu lilikuwa ndani ya jicho. Alikuwa na aina ya samaki wenye rangi iliyofifia, walioitwa wa dhahabu. Macho ya watoto wao siku ya pili huwa mepesi, wakati macho ya watoto wa kawaida ni meusi. Alichukua mayai ya jike wa dhahabu na mbegu za dume wa kawaida. Mtoto akitokea na macho meusi, jeni za baba zimepita. Akitokea na macho mepesi, zimezuiwa. Mtu mwenye hadubini aliweza kukagua mamia ya vichwa kwa muda mfupi, kama afisa wa mpakani anayetazama muhuri mmoja tu kwenye kila hati.

Kuyaeleza haya kunachukua aya mbili. Kuyafanikisha kulichukua zaidi ya miaka kumi. Ilibidi kujifunza samaki anakula nini ili ataje, maji gani yanamfaa, joto kiasi gani, magonjwa gani yanamshika. Hapakuwa na mwongozo wala wa kumuuliza. Katika miaka hiyo Streisinger hakuwa na makala za samaki za kuonyesha wenzake, katika kazi ambayo mtu hupimwa kwa anachochapisha. Mfanyabiashara aliyefunga duka lenye wateja akaenda kufungua njia mpya isiyo na abiria ataielewa hali hiyo.

Makala yake kuhusu njia hiyo ilitoka mwaka 1981 katika jarida la Nature la Uingereza. Ilieleza jinsi ya kupata samaki wanaofanana kabisa kwa jeni, wote wa mama mmoja.

Nyumba yenye soko

Streisinger hakuishi ndani ya maabara tu. Wakati wa vita vya Vietnam alikuwa mstari wa mbele miongoni mwa wahadhiri wa Oregon waliopinga vita hivyo. Alipaza sauti pia dhidi ya dawa za kuua magugu zilizokuwa zikinyunyizwa misituni, kwa kuwa kama mtaalamu wa jeni alijua kemikali inaweza kuharibu jeni za watu wasio na habari.

Mke wake, Lotte, mzaliwa wa Ujerumani, alikuwa mfinyanzi. Mwaka 1970, wakati mumewe akiwa katika mwanzo mgumu wa kazi ya samaki, Lotte alianzisha soko la wazi mjini Eugene ambako mafundi wa mikono na wapishi wangeuza wenyewe walichotengeneza, kila Jumamosi. Soko hilo, linaloitwa Saturday Market, lilifungua njia kwa masoko ya namna hiyo Marekani na bado linafanyika. Kwa hiyo katika nyumba moja kulikuwa na watu wawili walioanzisha vitu ambavyo mtu yeyote angeona vidogo: mmoja meza za vyungu barabarani, mwingine matangi ya samaki wa mapambo.

Madoa ndani ya jicho

Baada ya mwaka 1981 Streisinger aligeukia jicho lenyewe. Nyuma ya jicho la samaki, kama letu, kuna tabaka la seli nyeusi linalolinda na kulisha seli zinazonasa mwanga. Alitaka kujua tabaka hilo linatokana na seli ngapi za mwanzo na kwamba zinachaguliwa lini.

Alitumia tena samaki wa dhahabu. Alichukua viinitete vyenye nakala moja nzima na nakala moja ya dhahabu, ambavyo macho yake huwa meusi. Akavimulika kwa mionzi katika hatua mbalimbali za ukuaji. Mara mojamoja mionzi iliondoa nakala nzima katika seli moja, na tangu hapo seli hiyo na uzao wake wote wakawa na rangi nyepesi. Jicho lilipokamilika lilionekana na doa jepesi katikati ya weusi. Doa hilo ni ukoo mmoja: watoto na wajukuu wa seli moja. Doa likiwa kubwa, maana yake seli za mwanzo zilizogawana kazi hiyo zilikuwa chache. Likiwa dogo, zilikuwa nyingi. Kwa kupima madoa, aliweza kuhesabu mababu wa jicho bila kuwaona.

Hakuwahi kuiona kazi hiyo imechapishwa. Tarehe 11 Agosti 1984, akiwa na miaka 56, Streisinger alifariki dunia kwa ghafla alipokuwa akipiga mbizi. Wenzake, akiwemo Charline Walker aliyefanya naye kazi kwa miaka mingi, walizikamilisha karatasi zake. Makala kuhusu mababu wa seli nyeusi za jicho ilitoka mwaka 1989, jina lake likiwa la kwanza.

Waliovuna

Kifo cha mwenye kazi kingeweza kuwa mwisho wa samaki hao. Mabadiliko ya jeni huishi ndani ya samaki hai. Matangi yakisahaulika mwezi mmoja, kazi ya miaka kumi na tano inakwenda na maji. Lakini Streisinger hakuwa ameficha mbinu zake. Jirani zake wa Eugene, hasa Charles Kimmel na Monte Westerfield, walikuwa wamezijua, wakaendelea. Westerfield aliandika mwongozo wa kuwafuga, na samaki wakawa wanatumwa kwa yeyote aliyeomba.

Punde wakampata samaki mwenye jicho moja katikati ya uso. Watafiti wa Eugene walimtangaza mwaka 1991 na kumwita saiklopu, kwa jina la jitu la hadithi za Wagiriki. Samaki huyo alifundisha jambo ambalo wengi hawalitarajii. Macho yetu hayaanzi kama mawili. Yanaanza kama shamba moja mbele ya ubongo unaochipua, kisha ujumbe unatoka katikati, chini ya shamba hilo, na kulipasua nusu kwa nusu. Jeni ya ujumbe huo ikiharibika, mpaka hauchorwi, na jicho linabaki moja. Binadamu naye hupatwa na kasoro ya namna hiyo, na watoto wanaozaliwa nayo katika hali yake kali hawaishi.

Mwaka 1996 makundi mawili makubwa, moja la Tübingen, Ujerumani, likiongozwa na Christiane Nüsslein-Volhard, na jingine la Boston likiongozwa na Wolfgang Driever, yalitangaza maelfu ya samaki wenye kasoro mbalimbali za ukuaji. Toleo zima la jarida la Development la Desemba mwaka huo liliwahusu. Samaki aliyenunuliwa dukani alikuwa sasa mali ya dunia.

Jeni za jicho zikaanza kufahamika moja baada ya nyingine. Iko jeni iitwayo rx3, inayoanza kazi mapema sana katika lile shamba moja. Isipofanya kazi, vivimbe vya macho havichomozi kabisa, na samaki anakua bila macho. Watafiti walimwita samaki huyo chokh, neno la Kibengali lenye maana ya jicho, lugha ya nchi ambako samaki pundamilia anaishi porini. Kwa binadamu, jeni ya ukoo huohuo ikiharibika, mtoto anaweza kuzaliwa bila jicho. Iko nyingine, pax6, inayohitajika kwa lenzi na retina. Mtu mwenye nakala moja mbovu ya jeni hiyo huzaliwa bila ile pete ya rangi inayozunguka mboni, na mwanga wa jua humtesa.

Hata samaki wa dhahabu alikuwa na siri yake. Mwaka 2005 jeni yake ilipatikana, nayo ipo kwa binadamu. Herufi moja iliyobadilika ndani yake inachangia sehemu kubwa ya tofauti ya rangi ya ngozi kati ya Wazungu na Waafrika. Na pale inapoharibika kabisa kwa mtu, husababisha aina moja ya ualbino, inayoambatana na uoni hafifu. Hiyo ni tofauti na aina iliyo ya kawaida zaidi katika nchi zetu za Afrika Mashariki, inayotokana na jeni nyingine, lakini zote mbili hugusa jicho kwa sababu ileile: jicho linahitaji weusi wake ili lijengeke vizuri.

Mzigo unaendelea kusafiri

Leo Eugene kuna kituo kinachohifadhi maelfu ya aina za samaki pundamilia na kuzituma kwa watafiti duniani kote. Chuo Kikuu cha Oregon kina jengo lenye jina la Streisinger. Magonjwa mengi ya macho bado hayana dawa, na mtoto anayezaliwa bila jicho hawezi kupewa jipya. Kilichopatikana ni kujua kosa linatokea wapi na saa ngapi, na daktari asiyejua hilo hawezi hata kuanza.

Streisinger hakupata utajiri kwa samaki wake. Alitoa mbinu na samaki kwa waliozihitaji, akafa akiwa na makala chache za samaki na matangi mengi. Siku za Jumamosi katika majira ya soko, meza za vyungu na vyakula bado zinapangwa katikati ya mji wa Eugene. Na chuoni, taa za matangi zinawashwa asubuhi, na samaki wanataga.